Tela likianza kutembea upande: springi na bushi badilisha mwenyewe

Wiki hii naweka kando mbolea na viwavi, tuongelee tela. Najua kuna watakaosema bwana shamba kahamia gereji. Waseme tu. Mimi nikitembelea shamba la kijana anayelima kibiashara siangalii mimea peke yake, naangalia na kilichoegeshwa pembeni, na matela mengi ninayokutana nayo yamependeza juu lakini chini hali ni mbaya. Bodi limepakwa rangi, limeandikwa maneno ya kuchekesha, huku chini bushi zimeliwa zikaisha na bolti inacheza kwenye tundu lake kama mchi kwenye kinu.

Msimamo wangu ni huu: kubadilisha springi, bushi, shakeli na yubolti za tela ni kazi ya mwenye tela, kama kunoa jembe au kusafisha pampu ya dawa. Haihitaji cheti. Inahitaji jeki nzuri, stendi mbili, spana zinazoingia sawasawa, nyundo na siku moja ambayo huna haraka. Mwenzangu mmoja wa ugani tulibishana sana kuhusu hili. Yeye anasema kila mtu na kazi yake, mkulima alime na fundi atengeneze. Kwa injini namkubalia. Kwa ekseli ya tela simkubalii, na sababu yangu kubwa ni muda. Nyanya za Ilula zikishaiva hazisubiri fundi amalize gari la mtu mwingine. Na fundi mzuri msimu wa mavuno ndiye anayetafutwa na kila mtu, kwa hiyo unaishia kwa aliyepo, unamwambia "fanya chochote litembee leo". Naye anafanya chochote kweli.

Sasa tuingie chini ya tela. Nazungumzia tela la kuvutwa na pikapu au trekta, lenye ekseli moja au mbili zilizokalia springi za pleti. Kama la kwako ekseli imefungwa moja kwa moja kwenye chesesi bila springi, kama yalivyo mengi ya pawatila, wewe utafaidika zaidi na habari ya beringi na ile ya uzito.

Springi ni pleti za chuma zilizopangwa moja juu ya nyingine na kushikwa katikati na senta bolti. Kichwa cha hiyo bolti kinaingia kwenye tundu la kiti cha ekseli, ndicho kinachozuia ekseli isiteleze mbele au nyuma. Yubolti ndizo zinazokaza springi na ekseli ziwe kitu kimoja. Ncha za springi zimekunjwa zikawa jicho, ndani ya jicho kuna bushi, ndani ya bushi inapita bolti. Upande mmoja bolti hiyo imeshikwa na hanga iliyochomelewa kwenye chesesi. Upande wa pili kuna shakeli, vile vipande viwili vya chuma vinavyobembea, maana springi ikilala kwa mzigo inarefuka na lazima ipate pa kwenda. Tela la ekseli mbili lina kitu kimoja cha ziada katikati, chuma kinachobembea kama mizani, kinachogawa uzito kati ya springi ya mbele na ya nyuma. Baadhi ya karavani wanazovuta Wazungu kwenda likizo chini zimeundwa hivyohivyo, na bushi zake huisha vilevile, ingawa zenyewe hazijui gunia la mahindi ni nini.

Kinachoanza kuisha ni bushi. Matela mengi yanatoka kiwandani na bushi za nailoni, na bolti isiyo na nipo ya grisi. Nailoni kwenye barabara ya vumbi haina maisha. Ikishaisha, chuma kinasaga chuma: bolti inakonda, tundu la shakeli linakuwa na umbo la yai, halafu hanga yenyewe inaanza kuliwa. Hapo ndipo gharama inapopanda. Bushi na bolti ni hela ndogo. Hanga iliyoliwa ni kukata na kuchomelea upya kwenye chesesi, na hiyo si kazi ya kufanyia chini ya mwembe.

Utajuaje? Usisubiri kelele. Paki tela tupu mahali tambarare, zuia magurudumu, inyanyue chesesi kwa jeki mpaka uzito utoke kwenye springi, kisha ingiza bomba la chuma kati ya springi na hanga uchokonoe. Bolti ikicheza, bushi imekwisha. Chukua brashi na dizeli, safisha pleti, zifute zikauke, halafu angalia kwa tochi kuzunguka jicho na karibu na yubolti. Ufa mara nyingi unajionyesha kwa mstari mwembamba wa kutu. Springi ikivunjika pale katikati penye tundu la senta bolti, kabla hujalaumu mzigo kagua yubolti. Zikilegea, pleti zinapata nafasi ya kujikunja palepale zilipotobolewa, na hapo ndipo penye udhaifu.

Kuna kijana wa vitunguu kule Ruaha Mbuyuni, tela lake la pikapu lilikuwa linakula tairi la kushoto. Akabadilisha tairi, likaliwa. Akaweka jingine. Aliponiita nilikuwa nimekwenda kwa ajili ya ugonjwa wa majani, lakini alilalamika sana kuhusu tairi kuliko majani, basi tukachukua kamba. Tukapima kutoka ndoano ya kuvutia mpaka ncha ya ekseli upande wa kulia, kisha upande wa kushoto. Vipimo hivyo vinatakiwa vilingane, tofauti ikiwepo iwe milimita chache tu. Vyake vilipishana kwa upana wa vidole viwili. Senta bolti ya kushoto ilishakatika zamani, ekseli imerudi nyuma, na tela likawa linatembea upande kama kaa. Bolti moja hiyo ilikuwa imeshamla tairi mbili. Kabla ya hapo alikuwa ameshauriwa kuongeza pleti.

Hilo la kuongeza pleti linaniudhi kuliko yote. Vijana wanaona springi imelala, wanatafuta pleti mbili za skrepa wanazibandika, tela linasimama juu kama jogoo, wanafurahi. Ekseli haikuongezewa nguvu. Beringi hazikuongezewa, wala tairi, wala ile ndoano. Umeondoa tu ile dalili iliyokuwa inakwambia mzigo umezidi. Na springi ngumu kupita kiasi haiyumbi, kwa hiyo kila shimo la barabarani linapanda moja kwa moja hadi kwenye tenga. Ukifika sokoni nyanya za chini zimetoa maji na dalali anakukata bei mbele ya macho yako.

Hesabu ya mzigo nayo mnaijua. Gunia thelathini za kilo 100 ni tani 3. Lakini gunia zako zikiwa za lumbesa, hiyo thelathini haikwambii chochote, unaweza kuwa umebeba tani zaidi ya hizo bila kujua. Tunapigia kelele lumbesa kwa sababu inampunja mkulima, na ni sawa. Inaua na ekseli pia.

La pili ni kuchomelea. Pleti ya springi ni chuma kilichopashwa moto, kikazimwa na kupashwa tena kwa kipimo ili kiwe na mkunjo wa kurudi. Ukikichomelea, pale penye moto ule mpango wote unavurugika na pleti itakatika pembeni ya mshono, kwa kawaida ikiwa na mzigo. Ukiona springi imechomelewa kwenye tela unalotaka kununua, hesabu kabisa kwamba springi hiyo haipo.

Haya, kazi yenyewe. Tela liwe tupu na limefungwa kwenye gari lenye handibreki, magurudumu ya upande usiofanyia kazi yamezuiwa mbele na nyuma. Legeza nati za gurudumu kabla ya kunyanyua. Nyanyua kwa chesesi, usiweke jeki katikati ya ekseli ukanyanyua tela zima, utaipinda. Kisha weka stendi za chuma chini ya chesesi. Matofali hapana. Tofali la saruji linabeba, linabeba, halafu linapasuka ghafla bila kukuaga, na wewe uko chini. Kama huna stendi azima, na kama hakuna wa kukuazima basi kazi isubiri. Hapa sitanii.

Jeki ndogo ya pili iweke chini ya ekseli ibebe uzito wake tu. Piga picha kwa simu kila kitu kilivyokaa. Kisha fanya upande mmoja umalize, ndipo uende wa pili, ili ule mzima uendelee kuishika ekseli mahali pake. Nati zenye kutu zipakie mafuta ya kulegeza tangu jana yake. Bolti nyingi za shakeli zina meno chini ya kichwa yanayong'ata chuma ili isizunguke, kwa hiyo zungusha nati, usizungushe kichwa. Nati ikitoka, bolti inatolewa kwa nyundo. Ukilazimisha kichwa kwa spana unaharibu tundu, umejiongezea kazi.

Springi mpya ilingane na ya zamani kwa upana, urefu wa jicho hadi jicho, unene wa bolti, idadi na unene wa pleti. Badilisha zote mbili za ekseli moja, hata kama iliyovunjika ni moja. Mpya na iliyochoka hazilali sawa, tela litainama. Ukinunua za mtumba, ziweke chini sambamba uone kama mikunjo inafanana. Zikipishana ziache hapohapo dukani.

Bushi nunua za shaba nyeusi au ile ya njano inayofaa kazi hiyo, pamoja na bolti zenye nipo. Watu wanaona ghali, lakini bushi inayopata grisi inaishi na inayokosa inakufa, hakuna ubishi. Bolti angalia namba kichwani. 8.8 ni ya kuanzia kwa kazi kama hii, 10.9 ina nguvu zaidi, na isiyo na namba yoyote ikafungie mlango wa banda la kuku. Yubolti za zamani usirudishe. Zikishakazwa zinavutika, na uzi wake hauwezi tena kushika kama mwanzo.

Kichwa cha senta bolti kikae kwenye tundu lake la ekseli kabla hujakaza chochote. Yubolti zikaze kwa zamu, kidogo huku kidogo kule, kwa mshazari, mpaka zilingane, na umalizie kwa spana ya kipimo kufuata namba ya mtengenezaji. Za shakeli ni tofauti: zikaze zishike, lakini shakeli iweze kubembea. Ukizibana kama za gurudumu umeinyima springi pa kwenda.

Gurudumu likiwa bado juu, lizungushe usikilize beringi. Ikilia kama inasaga mchanga, fungua habu, safisha, jaza grisi mpya, badilisha sili. Nati yake unaikaza huku unazungusha habu ili beringi zikae, unairudisha, unaikaza tena kwa mkono tu, kisha split pini mpya. Pini ya zamani usiikunje mara ya pili.

Ukimaliza rudia ile kamba ya vipimo. Halafu safari ya kwanza yenye mzigo, kilomita 50 hivi, simama ukaze tena yubolti na nati za gurudumu, kwa sababu lazima zitakuwa zimekaa zaidi. Grisi ya bushi pampu wakati chesesi imenyanyuliwa. Tela likiwa limekalia springi bolti imebana upande mmoja, grisi haipiti pale inapohitajika.

Kuna kazi sitaki mfanye wenyewe, niseme wazi. Hanga iliyong'oka, chesesi yenye ufa, ekseli iliyopinda, na breki kama tela lako linazo. Hizo mpelekee fundi, tena wa kuchomelea anayejulikana kwa kazi hiyo, umlipe na usimharakishe.

Na nyie mnaopakia vibarua juu ya magunia jioni wakitoka kuvuna: hao ni akina mama wa kijijini kwenu, na watoto wao wanawasubiri nyumbani. Hata springi iwe mpya, tela ni la mzigo. Watafutieni usafiri. Ninyi mnaonijua mnajua hili nalisema kila msimu, na kila msimu naona tela lingine linapita limejaa watu.

Mavuno hayajaanza bado kwa wengi wenu, na huu ndio wakati wa kunyanyua tela. Mkifungua, hifadhini vipimo vya bushi na bolti kwenye simu, kisha nunueni seti moja ya akiba na yubolti mbili, vikae kwenye boksi la pikapu pamoja na spana yake.