Elfu tano zilizofutwa na shilingi saba zilizoingia

Mswada wa Fedha wa Kenya wa 2024 ulitaka mwenye gari alipe asilimia 2.5 ya thamani ya gari lake pindi anapokata bima. Hata gari liwe kuukuu vipi, asilipe chini ya Sh5,000. Hata liwe la kifahari vipi, asilipe zaidi ya Sh100,000. Juni 18 kodi hiyo ikafutwa, siku chache kabla ya maandamano kuuzika mswada mzima. Wenye magari wakapumua. Nadhani walipumua mapema mno.

Kodi yenyewe ilikuwa imepinda. Gari la Sh200,000 lingelipa asilimia 2.5 kamili kwa hiyo elfu tano. Toyota Vitz iliyochoka, ya Sh120,000, ingelipa zaidi ya asilimia nne, ilhali gari la Sh20 milioni lingelipa nusu ya asilimia moja tu. Aliyeiandika hesabu hii aliona kila gari kuwa utajiri.

Pumwani, Nairobi, gari ni kifaa cha kazi. Mtaa huu ulipangwa katika miaka ya 1920, wakati mkoloni hakutarajia Mwafrika awe na gari, na vichochoro vya eneo lake la Majengo bado vinakumbusha hivyo. Lakini soko la Gikomba liko hapo hapo, na belo za mitumba hazijibebi. Kazi hiyo ni ya Toyota Probox. Hakuna anayeinunua kwa starehe. Kiti cha nyuma kimesimama wima, na ikiwa tupu inaruka kwenye kila shimo. Ipakie mzigo, itulie. Anayeipenda anaipendea injini yenye cheni ya timing badala ya mkanda, na kwamba spea zake hazikosekani Grogan, jina ambalo watu wamekataa kuliacha ingawa kibao kinasema Kirinyaga Road. Vitz ya sisi 1,000 nayo hunywa mafuta kidogo, lakini injini yake ya pistoni tatu hutetemeka ikisubiri taa za barabarani hadi abiria aulize kulikoni.

Gari la bei nafuu ndilo lenye matumizi yasiyotabirika. Mwezi huu bushi, mwezi ujao rejeta, kisha shokamzoba za ex-Japan ambazo fundi mwenyewe hawezi kuapa zitadumu. Ndiyo maana wengi hukata bima ya mwezi mmoja mmoja: ya mwaka mzima inahitaji fedha za mkupuo ambazo gari limeshazila. Kumdai mtu huyo elfu tano palepale penye bima ni kumshawishi aendeshe bila bima.

Kuna hoja ya upande wa pili, nayo ina uzito. Wakazi wengi wa Pumwani hawana gari. Wanakwenda mjini na Industrial Area kwa miguu, wakipenya kati ya magari yaliyoegeshwa na mikokoteni. Kwa nini mwenye gari asichangie zaidi?

Amechangia, tena kimyakimya. Julai 2024, wiki chache baada ya kodi ile kufutwa, ushuru wa matengenezo ya barabara ulipandishwa kutoka Sh18 hadi Sh25 kwa lita. Shilingi saba hazikumwandamanisha mtu. Lakini anayechoma lita 14 kwa wiki anamaliza mwaka akiwa ametoa nyongeza ya takriban Sh5,100. Probox inayokunywa lita tano kwa siku, siku sita kwa wiki, imetoa karibu Sh11,000, maradufu ya kiwango cha chini cha kodi iliyofutwa. Na yule mtembea kwa miguu, siku anayopanda matatu, analipa sehemu yake ndani ya nauli.

Kwa kanuni, ushuru wa pampu una haki zaidi: anayetumia barabara sana hulipa sana. Haki hiyo inategemea barabara kutengenezwa, la sivyo mwenye gari analipia shimo mara mbili, kwenye pampu na kwa fundi. Badala yake magavana na wabunge wamevutana hadi mahakamani kuhusu nani ashike Sh10.5 bilioni za ushuru huo. Hazina ikitaka tena kodi ya magari, iondoe kile kiwango cha juu cha Sh100,000 na imwachilie mwenye Vitz. Na kabla ya hapo, Bodi ya Barabara ya Kenya ieleze ni kiasi gani cha shilingi hizo saba kimefika kwenye barabara zinazoizunguka Gikomba.