UCHANGANUZI: Tiba ya mashine kwa makovu ya chunusi isiachiwe saluni

MNAMO Oktoba 2025, FDA, taasisi inayosimamia usalama wa chakula na dawa nchini Marekani, ilitoa tahadhari kuhusu mashine zinazodunga ngozi kwa sindano ndogo ndogo na kupitisha humo nguvu za mawimbi ya redio. Ilisema imepokea ripoti za watu walioungua, waliopata makovu, walioumbuka sura na hata walioharibika neva. Ikasisitiza kuwa hiyo ni tiba, wala si urembo wa kujifanyia nyumbani.

Tahadhari hiyo ilitolewa kwa Wamarekani, lakini inatugusa. Tiba hii, pamoja na ile ya leza, hutangazwa Nairobi kwa vijana ambao chunusi ziliwaachia nyuso zenye vishimo. Vijana hao wasibezwe eti wanapenda kujipodoa. Anayekwepa kupigwa picha, au anayeketi nyuma darasani ili asitazamwe, ana shida ya kweli.

Chunusi kali huharibu kolajeni, yaani nyuzinyuzi zinazoishikilia ngozi, na mahali hapo hubonyea. Leza na mawimbi ya redio hutia tabaka la ndani joto la kiasi, na mwili unapojiponya hutengeneza kolajeni mpya. Mbinu ya kuchoma vitone vidogo na kuacha ngozi nzima baina yake, iliyoelezwa na wataalamu wa Boston mwaka 2004, ilifupisha muda wa kupona. Hata hivyo, matokeo huchukua miezi na huhitaji vikao kadhaa. Kovu hupungua kina. Kutoweka kabisa ni nadra. Anayeahidi uso laini kwa kikao kimoja anauza maneno.

Rangi ya ngozi nayo ina uzito wake. Melanini hufyonza mwanga wa leza nyingi, hivyo nishati iliyokusudiwa kufika ndani huweza kuishia juu na kuunguza. Hata leza zinazolenga maji yaliyo ndani ya ngozi zaweza kuacha madoa, kwani ngozi nyeusi ikijeruhiwa hujibu kwa kutoa melanini zaidi. Isitoshe, kipimo cha aina za ngozi ambacho madaktari wengi hutumia, kilichobuniwa na Thomas Fitzpatrick wa Harvard mwaka 1975, kilianza na ngozi nyeupe. Ngozi za kahawia na nyeusi ziliongezwa baadaye.

Mawimbi ya redio hayajali rangi, na ndiyo maana yamesifiwa kuwa yanatufaa zaidi. Sifa hiyo ina msingi. Kosa ni kuigeuza kuwa hakikisho la usalama mikononi mwa yeyote, ilhali kina cha sindano na kiasi cha joto huamuliwa na anayeiendesha mashine.

Kuna jambo jingine ambalo matangazo hayaligusi, nami kama mhariri nimesoma mengi. Wengi wanaolalamikia makovu hawana makovu. Wana madoa meusi yaliyoachwa na chunusi, na ngozi yenyewe haijabonyea. Madoa hayo hufifia kwa miezi kadhaa, hasa mtu akijikinga na jua na kutumia krimu aliyoandikiwa na daktari. Ukiyachoma kwa leza isiyofaa, waweza kuyazidisha. Mwenye ngozi inayotoa makovu ya kuvimba, au mwenye chunusi ambazo bado zinatoka, naye anahitaji kuchunguzwa na daktari wa ngozi kabla ya mashine yoyote kuwashwa.

Nchini Kenya, zahanati na hospitali hupata leseni kutoka kwa baraza la madaktari na madaktari wa meno, nazo saluni hupata kibali cha biashara kutoka kwa kaunti. Kibali hicho hakisemi lolote kuhusu ujuzi wa anayeshika leza. Mashine zenyewe huuzwa kwenye intaneti kama bidhaa nyingine.

Wizara ya Afya na kaunti zinapaswa kutamka wazi ni mashine zipi haziruhusiwi nje ya kituo chenye daktari, na kuwatuma wakaguzi. Kwa sasa mzigo ni wa mteja mwenyewe: aulize jina la mashine, leseni ya anayeiendesha, na aombe kuona picha za wagonjwa wenye ngozi kama yake, zilizopigwa miezi sita baada ya tiba.