Nyumba Yetu: Mtungi wa Marehemu Mama

Juma hili twajibu swali la mama mmoja, mke wa askari, akaaye Base ya Kamina. Mama huyo amerithi kwa marehemu mamake mtungi wa maji, uliopata weusi kwa moshi wa jiko, wenye mistari iliyochorwa shingoni. Yeye angependa kuuweka sebuleni. Bwana wake akataa. Asema nyumba ya matofali si mahali pa chombo cha kijijini. Tena, mchuuzi apitaye nyumba kwa nyumba amemletea vyungu vidogo vitatu vya kale sana, vizuri kabisa, ambavyo asema vimetoka upande wa ziwa Kisale. Mama ataka kujua kama ni vema avinunue, avipange kabatini karibu na mtungi ule. Maswali ni mawili, na majibu yake hayafanani.

Tuanze na mtungi. Base ilianza kujengwa na Wabelgiji mwaka 1949, na tangu siku zile wengi wetu tumezoea kudhani kwamba nyumba ya namna ile yapambwa kwa sahani za Ulaya na maua ya plastiki tu. Hatuna ugomvi na sahani za Ulaya. Lakini na tutazame jinsi watu wa pwani walivyozitumia. Huko Lamu, katika kuta za nyumba za mawe, mafundi walijenga vishubaka vingi viitwavyo zidaka, navyo vilipangwa bakuli na sahani. Nyingine zilitoka Uchina. Katika karne ya 19 zikaja nyingi kutoka viwanda vya Maastricht, katika Uholanzi, zenye maua ya rangi kali. Bakuli la Maastricht halikuwa hazina ya mfalme. Lilikuwa bidhaa ya kiwanda, likanunuliwa dukani likapakuliwa wali. Leo watu hulionyesha wageni, kwa kuwa bibi alilitunza, na binti yake akalitunza baada yake. Mtungi wa mama yetu wa Base umepita njia iyo hiyo, tena haukutoka kiwandani, bali katika mikono ya mfinyanzi. Kwa nini basi uone haya kuingia sebuleni?

Mtungi wa kale wataka utunzaji wake. Usiuloweke majini wala kuupiga sabuni, maana udongo usiopakwa kauri hunywa kila kitu. Pangusa vumbi kwa brashi laini. Usiupake rangi ya mafuta. Twajua kwamba wako wanaopaka vyungu rangi ya fedha ili ving'ae, nasi twasema wazi kwamba mtungi uliopakwa hivyo umeharibika. Weusi wa moshi uache. Ndio jiko la mama yako. Kwa kuwa kitako chake ni cha mviringo, usuke ngata ya majani au ya kamba, uukalishe juu yake pembeni, mbali na mlango na mbali na mpira wa watoto. Ukitaka kuuinua, shika tumbo lake kwa mikono miwili, usiunyanyue kwa shingo. Na kama unazo sahani za kale zilizopakwa rangi na kung'arishwa, zipambe ukutani, lakini usizilie chakula, kwani rangi na kauri za zamani mara nyingine zina madini ya risasi, ambayo ni sumu.

Sasa tuje kwa vyungu vile vitatu. Hapa hatuwezi kujibu kwa wepesi.

Kando ya ziwa Kisale, katika mkoa wetu wa Haut-Lomami, pana mahali paitwapo Sanga. Mwaka 1957 na 1958 wataalamu Jacques Nenquin na Jean Hiernaux walichimba pale, na katika miaka ya 1970 Pierre de Maret akaendelea na kazi hiyo. Walikuta makaburi mengi ya watu walioishi katika bonde lile kati ya karne ya 8 na ya 13, na ya wengine waliowafuata. Wafu walilazwa pamoja na vyombo vya chuma, mapambo ya shaba, na vyungu vilivyofinyangwa kwa ustadi wa ajabu. Hata kauri chache za bahari ya Hindi zilionekana, ambazo zilisafiri kutoka mkono hadi mkono mpaka Lualaba. (Neno ni lile lile: chombo king'aacho chaitwa cha kauri kama simbi yenyewe.)

Wataalamu waliona jambo jingine. Vyungu vingi havikuwa na alama ya kutumiwa jikoni. Vilifinyangwa kwa ajili ya maziko. Na ukubwa wake ulifuata umri wa marehemu: mtu mzima aliwekewa vyungu vikubwa, mtoto mchanga vidogo.

Mama mpendwa, sisi hatukuviona vyungu ulivyoletewa, wala hatumwiti mchuuzi mwizi. Huenda mvua ilibomoa ukingo wa mto akaviokota. Lakini fikiri: chungu cha jikoni huvunjika, kikaishia vigae jalalani. Chungu cha kale sana kilicho kizima, mara nyingi kilifichwa ardhini na mtu aliyekusudia kisiguswe. Na vikiwa vidogo vitatu pamoja, yawezekana sana kwamba mama mmoja aliviweka kando ya mtoto wake.

Wengine watasema: hao walikuwa kabla ya Injili kufika kwetu, yatuhusu nini? Watoto wetu hufundishwa katika katekisimu kwamba kuzika wafu ni tendo la huruma, na katekisimu haikuongeza kwamba ni wafu wa dini yetu tu. Tena iko sheria ya nchi ya tarehe 15 Machi 1971 juu ya ulinzi wa mali ya utamaduni. Kuchimba vitu vya kale pasipo ruhusa ni kosa. Kila kabati linaponunua chungu kimoja, mchuuzi hurudi ziwani kutafuta kingine.

Basi usivinunue. Kama ulikwisha kuvinunua, usivitupe wala usivioshe, maana hata udongo ulioganda ndani waweza kumfundisha mjuzi. Mwulize mchuuzi, bila ukali, vilitoka kijiji gani na mahali gani, uandike kwenye karatasi, kisha ukawaone wakuu wa utamaduni mkoani au Makumbusho ya Lubumbashi.

Kabati litabaki na nafasi tatu tupu, nasi twajua kwamba yaudhi. Weka hapo vyungu vipya vya wafinyanzi wa siku hizi. Bei yao si kubwa, na fedha itaingia nyumbani mwa mama aliye hai.

Kuhusu bwana anung'unikaye: ikiwa mtungi hauna ufa na ndani ni safi, mama aujaze maji ya kunywa jioni moja ya joto la Septemba, aweke sinia chini kwa sababu ya jasho lake, aufunike. Maji hupoa kwa sababu udongo huyavujisha kidogo kidogo, na upepo huyakausha nje. Asubuhi bwana atokapo zamu, ampe kikombe kabla ya kumwambia yametoka wapi.