Kukata tumbo ili kupungua: bei ni ya siku moja, matunzo ni ya miaka

Karibu kila kundi la WhatsApp la jamaa zetu, kuanzia Maskati na Dubai hadi London, siku hizi linapita tangazo la "kukata tumbo" Istanbul. Upasuaji, hoteli, gari ya kukupokea kiwanja cha ndege na mkalimani, vyote kwa bei moja. Wa Uingereza huvutiwa kwa kuwa foleni ya hospitali za serikali ni ndefu na za binafsi ni ghali. Wa Ghuba huvutiwa na bei, na pia na siri, ambayo nitaifikia.

Mimi si daktari. Nimesomesha hesabu miaka mingi, na mwalimu mstaafu ndiye anayeletewa karatasi ambazo wenzake hutia saini bila ya kuzisoma. Katika ukoo wetu watu watatu wameshafanyiwa, na karatasi zao nimezisoma zote.

Unaofanywa zaidi duniani ni ule Waarabu wanaouita takmim, kutokana na kum, yaani mkono wa kanzu. Tumbo la chakula linakatwa kwa urefu, asilimia 75 hadi 80 inaondolewa, kinachobaki ni bomba jembamba. Kilichokatwa hakirudi. Wa pili ni tahwil masar: kinatengenezwa kifuko kidogo juu ya tumbo, kikaungwa moja kwa moja na utumbo mdogo. Takmim hupunguza karibu robo ya uzito wa mtu, tahwil huzidi kidogo. Mwenye kiungulia kikali takmim inaweza kumzidishia, kwa hiyo tahwil mara nyingi humfaa zaidi. Lakini wa tahwil akila halua vipande viwili vitatu, moyo unaweza kumwenda mbio, jasho likamtoka na tumbo likamsokota. Ile mipira ya kubana tumbo iliyovuma miaka ya 2000 imeachwa karibu kote.

Nani anastahiki? Chukua kilo zako, gawa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mtu wa kilo 100 na urefu wa mita 1.60 anapata 39. Mwaka 1991 Wamarekani waliweka mpaka kwenye 40, au 35 kwa mwenye maradhi kama kisukari. Mwaka 2022 vyama vya madaktari wa fani hii viliushusha: 35 hata bila ya maradhi, na 30 kwa mwenye kisukari. Uingereza hupunguza 2.5 kwenye mipaka yake kwa watu wenye asili ya Mashariki ya Kati, Asia au Afrika, kwa sababu sisi kisukari hutushika tukiwa na uzito mdogo zaidi.

Upasuaji wenyewe, mikononi mwa wazoefu, si wa kutisha kama wazee wanavyodhani. Wanaokufa ni karibu mmoja kwa elfu. Mshono kuvuja hutokea kwa kiasi cha mmoja kwa mia, na huweza kujitokeza siku kadhaa baadaye, mtu ameshapanda ndege kurudi. Homa, mapigo ya moyo kwenda mbio, maumivu ya tumbo au bega: hapo ni hospitali usiku huohuo, usingoje mkalimani wa Istanbul ajibu ujumbe.

Mimi nahofia zaidi miezi inayofuata. Tuchukue bibi harusi anayekata tumbo miezi minne kabla ya nikaha ili gauni limkae. Madaktari wanashauri asishike mimba mwaka wa kwanza hadi mwaka na nusu, kwa kuwa mwili bado unapungua na lishe haijatulia. Wa tahwil hata vidonge vya uzazi wa mpango havitegemei, inabidi atumie njia nyengine. Sasa mama mkwe, asiyejua kitu, anauliza habari ya mjukuu kila Ijumaa. Nani amemweleza binti huyu? Katika karatasi nilizosoma, moja tu ilitaja mimba, kwa mstari mmoja.

Na Ramadhani je? Tumbo jipya halipokei gilasi nzima ya maji kwa mara moja. Maji hunywewa kidogo kidogo kutwa, tena mbali na chakula. Ndiyo maana wengi huambiwa wasifunge kwa muda kama huohuo, kisha waulize kwanza. Anayeficha upasuaji wake atakula mbele ya nani mchana?

Hii siri yetu, kwa kuogopa kijicho na maneno ya watu, ndiyo inayoumiza. Daktari wa mtaani hajui, kwa hiyo anaandika diklofenaki kwa goti linalouma, dawa inayoweza kumtoboa vidonda mtu wa tahwil. Shangazi anasukuma sahani ya biriani, mtu anakula kwa haya, anakwenda kutapika chooni. Kutapika siku nyingi humaliza vitamini B1, na hilo huharibu mishipa na ubongo.

Uingereza, anayefanyiwa na serikali hufuatiliwa na timu ile ile angalau miaka miwili, kisha hupimwa kila mwaka. Nilimuuliza dalali mmoja wa safari hizi nani atamwangalia mpwa wangu mwezi wa sita. Akanitumia punguzo la watu wawili.

Wapo wanaosema sindano zimemaliza habari hii. Katika utafiti wa 2021, dawa iliyomo ndani ya Wegovy ilipunguza karibu asilimia 15 ya uzito kwa wiki 68. Walioiacha walirudisha theluthi mbili ya walichopoteza ndani ya mwaka. Nayo pia ni ya muda mrefu, na ina bei yake ya kila mwezi.

Aliyekwisha kufanyiwa kimya kimya amwambie daktari aliye karibu naye wiki hii, na apime damu: chuma, B12, vitamini D na kalsiamu. Nywele kudondoka miezi ya mwanzo ni kawaida na huota tena. Ganzi ya miguu si kawaida.