Mwanafunzi wa Kichina anahitaji kitabu cha Kiswahili

NOVEMBA 2022, wakati wa ziara ya Rais Samia Suluhu Hassan nchini China, Tanzania ilitia saini makubaliano ya kufungua soko la nchi hiyo kwa parachichi letu. Habari hiyo iliwahusu moja kwa moja wakulima wa Rungwe, wilaya iliyosifika kwa chai na ndizi, na ambayo sasa parachichi ni miongoni mwa mazao yake ya biashara.

Swali linalostahili kuulizwa ni hili: siku mnunuzi atakapofika na mkataba ulioandikwa kwa Kichina, ni kijana gani wa Masukulu atakayeweza kuusoma na kuwaeleza wazazi wake yaliyomo? Hilo si swali la mzaha. Katika Kichina, neno la "kununua" na neno la "kuuza" yote hutamkwa "mai". Linalotofautisha ni toni: likishuka na kupanda ni kununua, likishuka ghafla ni kuuza. Kiswahili hakina toni, na Kinyakyusa, tofauti na lugha nyingi za Kibantu, hakina pia. Kijana huyo anaanza safari yake akiwa mgeni kabisa wa jambo hilo.

Hapana shaka kwamba nyenzo za kujifunzia zimeongezeka. Mwaka 2013 Taasisi za Confucius zilianzishwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Dodoma. Desemba 2015 Kituo cha Utamaduni wa China kilifunguliwa Dar es Salaam, na mwaka 2018 ikazinduliwa maktaba kubwa iliyojengwa kwa msaada wa China katika chuo kikuu cha jijini humo. Upo pia mtihani wa kimataifa wa Kichina, HSK, ambao kwa utaratibu wa mwaka 2010 ulianza na maneno 150 katika ngazi ya kwanza na kufikia 5,000 katika ngazi ya sita.

Hata hivyo, kutoka Masukulu hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800. Na mwanafunzi akishafika huko, hukutana na kikwazo cha pili, ambacho hakizungumzwi sana. Vitabu na programu nyingi za simu za kufundishia wageni Kichina hutoa maelezo kwa Kiingereza. Kwa hiyo kijana wetu hujifunza lugha ya tatu au ya nne kwa kupitia lugha ambayo bado inamsumbua.

Hasara yake ni kubwa, kwa sababu yapo mambo ambayo Kiswahili kingeyaeleza kwa wepesi zaidi. Mchina anapouliza "Ni chi shenme?" anasema, neno kwa neno, "Wewe kula nini?" Neno la swali hubaki mwishoni, kama sisi tunavyosema "Unakula nini?" Kiingereza hulihamisha na kulitanguliza. Vivyo hivyo, Mchina hahesabu vitu bila kuweka neno la kuvipanga: kitabu kina neno lake, karatasi ina lake. Mzungumzaji wa Kiswahili, aliyezoea kupanga nomino katika ngeli na kusema "kitabu kimoja" lakini "karatasi moja", hawezi kulishangaa wazo hilo. Anayefundishwa kwa Kiingereza huambiwa kwamba ni jambo geni.

Wachina wenyewe walilitambua hili mapema. Tangu miaka ya mwanzo ya 1960 vyuo vya Beijing vimekuwa vikifundisha Kiswahili, na redio yao ya kimataifa ilianza matangazo ya Kiswahili mwaka 1961. Tamthilia ya "Doudou na Mama Wakwe Zake" ilipooneshwa kwenye televisheni yetu kwa Kiswahili, watu waliifuatilia. Ikiwa tamthilia iliwezekana, kitabu cha sarufi kitashindikanaje?

Kazi hiyo haipaswi kuachiwa wageni peke yao. Wanachuo wetu waliosoma China wamerudi, na wataalamu wa Kiswahili tunao vyuoni. Waketi pamoja waandae mambo matatu: kamusi ya Kichina na Kiswahili iliyokusudiwa Mtanzania, kitabu cha sarufi kinacholinganisha lugha hizi mbili, na sauti zilizorekodiwa ili toni zisikike hata pasipo na intaneti. Nakala zifike Tukuyu na vijijini, zisiishie katika rafu za Dar es Salaam.

Biashara na China haitatusubiri. Mwaka 2024, mjini Beijing, yalitiwa saini makubaliano ya awali ya kuihuisha TAZARA, reli inayopita Mbeya. Mizigo itakapoongezeka, mikataba nayo itaongezeka. Mkulima ambaye mwanawe anaweza kutofautisha "mai" na "mai" ataujua mkataba wake kabla ya kuutia saini. Asiye na mtu wa namna hiyo itambidi amwamini mkalimani aliyeletwa na mnunuzi.