Mtoto wa Ng'ambo ni Mtoto wa Nani?

Ukipita shule za Busia na Malaba, hutakosa kusikia paredi ikiambiwa kwamba sisi hapa ni familia moja. Poa. Halafu darasani mtoto anateleza kwenye ngeli, sauti inatoka nyuma: “Si huyu ni wa ng'ambo!” Darasa zima linacheka. Mwalimu naye anatabasamu, somo linaendelea.

Kwani ng'ambo ni wapi? Hadi 1902, ardhi hii yote ilikuwa ndani ya Mkoa wa Mashariki wa Uganda. Mwaka huo Waingereza waliukata mkoa huo na kuuunganisha na himaya yao ya Afrika Mashariki, ile iliyokuja kuitwa Kenya. Hawakumuuliza Mmarachi, Msamia wala Mteso. Wasamia wakabaki pande zote mbili, Wateso vilevile. Kwa hiyo anayemcheka mwenzake kwa kuwa “wa Uganda” anamcheka babu ya babu yake mwenyewe.

Lakini tusiwalaumu watoto peke yao. Dharau hii ina mizizi ofisini.

Mfumo wa NEMIS ulipozinduliwa 2017, uliweka cheti cha kuzaliwa mlangoni. Bila namba ya cheti, mtoto hakuingia kwenye mfumo. Asipoingia, serikali haikutuma mgao wake, ambao kwa shule ya msingi ulikuwa shilingi 1,420 kwa mwaka. Yupo darasani, anatumia chaki, anakalia dawati, lakini kwenye hesabu hayupo. Hapo mwalimu mkuu anaanza kumwona kama mzigo. Mwalimu wa darasa anamtuma nyumbani akalete karatasi, leo, kesho, wiki ijayo. Wenzake wanaona. Wanajifunza nani ni wa hapa na nani amekuja tu.

Na wengi wa hao “wageni” si wageni hata kidogo. Mama wa Butula aliyeolewa upande wa pili akajifungua huko, kisha akarudi kwao na mtoto, amerudi na Mkenya. Katiba ya 2010, kifungu cha 14, inasema hivyo: mzazi mmoja akiwa Mkenya, mtoto ni raia kwa kuzaliwa, hata kama amezaliwa nje ya nchi.

Kuna watakaosema: sisi ndio tunalipa kodi, kwa nini tusomeshe watoto wa Uganda? Sawa, tuhesabu basi. Kenya ilipoachana na kidato cha tano na sita, wazazi wangapi walivusha watoto wao wakasomee huko? Mpaka leo vyuo vikuu vya Uganda vina Wakenya wangapi? Tukivuka sisi, tunaita elimu. Wakivuka wao, tunaita kujipenyeza.

Tena sisi watu wa mpakani ndio tulioipa dunia neno boda boda, kutoka kwa vijana wa baiskeli waliovusha watu kati ya Busia hizi mbili. Februari 2018 marais wawili, Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni, walikuja hapa kuzindua kituo cha pamoja, ili lori likaguliwe mara moja lipite. Lori limerahisishiwa mambo. Mtoto wa darasa la pili bado anatumwa karatasi.

Mnataka watoto wajihisi wako kwao? Acheni hotuba. Mwandikisheni mtoto siku anayofika, karatasi zifuatwe na watu wazima wanaojua njia ya kwenda kwa msajili. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 34, inakataza kumbagua mtoto anayetafuta nafasi kwa sababu ya kabila, lugha au asili yake. Mtaala mpya nao unataka madarasa ya chini yafunzwe kwa lugha ya eneo. Malaba, lugha hiyo ni Kiteso, na mtoto kutoka Tororo anaweza kuwa anakiongea kuliko mwalimu. Mpeni nafasi aongoze hadithi, darasa limsikilize.

Na siku ile sauti ikitoka nyuma, “wa ng'ambo,” mwalimu asitabasamu. Afunge kitabu, achore Mto Sio ubaoni, aulize nani hapa hana shangazi upande wa pili. Ahesabu mikono.