Usimwite Pretty Yende mwenye bahati

Bila shaka umeiona klipu ya yule mwanadada wa gauni la manjano akiimba London, siku Mfalme Charles wa Tatu alipotawazwa Mei 2023. Anaitwa Pretty Yende, wa Afrika Kusini. Mtumie rafiki yako hiyo klipu uone, jibu litakuwa neno moja: kipaji. Au bahati.

Maneno hayo yananikera. Hebu tuhesabu.

Yende alilelewa karibu na Piet Retief, mji mdogo wa mkoa wa Mpumalanga, na alitaka kuwa mhasibu. Akiwa na miaka 16 alisikia wanawake wawili wakiimba kwenye tangazo la shirika la ndege, pale tu kwenye TV ya nyumbani. Kesho yake akamuuliza mwalimu shuleni kile ni kitu gani. Akaambiwa ni opera. Alipopanda jukwaa la Metropolitan Opera, New York, ilikuwa Januari 2013 na alikuwa na miaka 27.

Hiyo ni miaka 11. Alisoma Chuo Kikuu cha Cape Town chini ya mwalimu Virginia Davids, kisha akaenda Milan kwenye chuo cha La Scala. Alishinda mashindano ya Belvedere kule Vienna 2009, na Operalia kule Moscow 2011. Na kumbuka, mwimbaji wa opera hashiki maikrofoni. Sauti yake lazima ipite juu ya okestra nzima imfikie aliyeketi nyuma kabisa, na ukumbi wa Met una viti karibu 3,800. Pumzi kama hiyo huipati kwa kukodi studio wikendi moja. Halafu kuna lugha: msichana aliyekua na Kizulu ilibidi aimbe Kiitaliano, Kifaransa na Kijerumani.

Kule Met aliitwa kujaza pengo la mwingine, akapewa kama wiki moja kujifunza sehemu nzima kwa Kifaransa. Usiku wa kwanza, akiingia jukwaani, akajikwaa akaanguka mbele ya watu wote. Akainuka, akaimba. Sasa wewe umepakia video tatu TikTok, hazikutazamwa, umeachana na muziki. Usinikasirikie, hata mimi niko kwa hilo kundi.

Lakini haki isemwe: Yende alikuwa na ngazi ya kupanda. Alipata chuo kikuu cha umma kinachofundisha opera, tena nchini mwake. Hapa kwetu mtoto anafika fainali za kitaifa za Tamasha la Muziki, anapigiwa makofi, anarudi nyumbani na cheti. Halafu? Nairobi kuna Kenya Conservatoire of Music tangu 1944, sawa, lakini kijana wa Lodwar atafikaje huko kila Jumamosi? Nyumbani nako anaulizwa kama atakula sauti.

Sasa sekondari ya juu ina mkondo wa sanaa na michezo. Kama mdogo wako anautaka, wewe usimuulize atakula nini. Nenda shuleni uulize nani atamfundisha sauti, na kama kile kinanda cha ukumbini bado kinalia.